Makutano ya Reli Tabora: Kazi Imefikia Wapi, na Vyama Vijiandae Vipi

Kila msimu wa mazao unapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya vyama vya msingi vya magharibi: reli mpya itafika lini, na itakapofika mzigo wa chama utapita wapi? Wengine hulijibu kwa matumaini, wengine kwa uvumi. Husikika wajumbe wakitaka ghala jipya lijengwe karibu na vigingi vya wapima ardhi, na wengine wakitaka chama kiiache kabisa reli ya zamani na kutegemea malori. Mashauri yote mawili yanagusa fedha za wanachama, na fedha za wanachama hazifai kuamuliwa kwa kusikia.

Makala haya yanaeleza makutano ya reli ni kitu gani, ujenzi wa Tabora umefuata hatua zipi, kwa nini kazi ya mahali kama hapo huchukua muda mrefu, na mambo gani halmashauri za vyama zapaswa kuyaweka sawa mapema katika vitabu na maghala yao.

TABORA ILIVYOPATA KUWA NJIA PANDA

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika huko Kigoma. Kwa miaka ile ya kwanza Tabora ilikuwa stesheni kubwa ya njiani tu. Ilipata kuwa njia panda mwaka 1928, Waingereza walipokamilisha tawi la kwenda Mwanza lenye urefu wa kilometa zipatazo 379. Baadaye likajengwa tawi jingine kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilometa zipatazo 210, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa huko. Hivyo Kaliua nayo ikawa njia panda ndogo inayoitegemea Tabora.

Tawi la Mwanza ndilo lililoipa pamba ya Usukuma njia ya nchi kavu ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Muungano wa vyama vya pamba vya ukanda wa Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliundwa mwaka 1955, na biashara yake kubwa isingeweza kukua bila mabehewa ya kuondoa marobota. Kadhalika tumbaku ya Tabora, Urambo na Kaliua hulazimika kusafiri mbali, kwa kuwa viwanda vikubwa vya kuisindika viko Morogoro. Mbolea nayo huja kwa upande wa pili, kutoka bandarini kuelekea kwa mkulima. Kwa hiyo stesheni ya Tabora ni mlango wa ghala la kila chama cha kanda hii: mlango ukikwama, mzigo hulala ndani na pembejeo hulala nje.

MAKUTANO YA RELI NI NINI

Gari la barabarani likifika njia panda, dereva huzungusha usukani. Dereva wa treni hana usukani. Treni hufuata chuma kilichowekwa chini yake, na anayeamua iende kulia au kushoto ni yule anayesogeza reli. Mahali njia mbili zinapoachana huwekwa reli mbili zilizochongwa zikawa nyembamba mwishoni mfano wa ndimi. Ndimi hizo hufungwa pamoja kwa vyuma, nazo husogezwa kwa wenzo au kwa mota. Ulimi mmoja ukigusana barabara na reli ya pembeni, gurudumu hufuata njia moja. Ukisogezwa ule mwingine, gurudumu hufuata njia ya pili. Nafasi ndogo tu ikibaki kati ya ulimi na reli, ukingo wa gurudumu huweza kuingia hapo na behewa likaacha njia.

Kwa sababu hiyo njia panda haiachwi mikononi mwa mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Wenzo za ndimi na wenzo za ishara hufungamanishwa, kiasi kwamba ishara ya kuruhusu treni haiwezi kushushwa mpaka ndimi ziwe zimekaa mahali pake na kufungwa. Mwenye ghala aliye na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili ataielewa hekima hiyo upesi: haizuii kazi kufanyika, inazuia isifanyike kombo.

Sehemu ya pili ya makutano ni njia za kupishania. Reli yetu, ya zamani na ile mpya pia, kwa sehemu kubwa ni ya njia moja. Treni mbili zinazotazamana haziwezi kupita mpaka moja iingie pembeni na kusubiri. Urefu wa njia ya kupishania ndio unaoweka mpaka wa urefu wa treni: treni ikiwa ndefu kuliko njia hiyo, mkia wake hubaki umeziba njia kuu.

Sehemu ya tatu ni yadi, yaani uwanja wenye njia nyingi sambamba ambamo treni hupokewa, mabehewa hutenganishwa, hupangwa upya kwa kufuata yaendako, kisha huondoka. Msafiri aliyewahi kukaa Tabora kwa saa kadhaa wakati mabehewa ya Kigoma yakitenganishwa na ya Mwanza aliiona kazi hiyo kwa macho yake. Mara nyingi ucheleweshaji ambao vyama huulalamikia hautokani na mwendo wa treni njiani, bali na muda ambao behewa hukaa yadini likingoja kuunganishwa na treni ya upande wake. Ndiyo maana kuboresha makutano kwaweza kumfaa mkulima kuliko kuongeza mwendo wa treni.

RELI YA ZAMANI IMETENGENEZWA

Wako wanaodhani kwamba kazi yote inahusu reli mpya. Sivyo. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya kuimarisha reli ya zamani kati ya Dar es Salaam na Isaka, umbali wa kilometa 970, ambao hupita Tabora. Katika kazi hiyo reli nyepesi ziliondolewa na kuwekwa nzito zaidi, mataruma yaliyochakaa yalibadilishwa, na madaraja na makalvati yaliimarishwa. Mwaka 2017, kwa Sheria ya Reli ya mwaka huo, kampuni iliyokuwa ikiendesha treni na ile iliyokuwa ikimiliki miundombinu ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli Tanzania, nalo ndilo linalosimamia reli ya zamani na mpya kwa pamoja.

Umuhimu wa madaraja na makalvati haukuhitaji kuelezwa kwa waliokumbuka masika ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010. Mafuriko yalivunja tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Hapakuwa na bonde lililovunjika Tabora, wala Shinyanga, wala Kigoma; lakini mzigo wa huko kote haukuweza kufika pwani kwa reli. Kwa reli yenye njia moja, ubovu wa mahali pamoja ni ubovu wa njia nzima.

RELI MPYA IMEFIKIA WAPI

Ujenzi wa reli ya kisasa ulizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2017. Kazi ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza iligawanywa vipande vitano, na kipande cha sita ni cha Tabora hadi Kigoma. Katika kila mkataba hutajwa urefu wa namna mbili: njia kuu, na njia za kupishania pamoja na za yadi. Asiyejua tofauti hiyo husikia takwimu mbili za kipande kimoja akadhani mmoja wa wasemaji amekosea.

Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina kilometa 300: njia kuu 205 na za kupishania 95. Morogoro hadi Makutupora ni kilometa 422: njia kuu 336 na nyingine 86. Makutupora hadi Tabora ni kilometa 368: njia kuu 294 na nyingine 74. Tabora hadi Isaka ni kilometa 165: njia kuu 130 na nyingine 35. Isaka hadi Mwanza ni kilometa 341: njia kuu 249 na nyingine 92. Na Tabora hadi Kigoma ni kilometa 506: njia kuu 411 na nyingine 95. Vipande vitatu kati ya hivyo sita, yaani cha kutoka Makutupora, cha kwenda Isaka na cha kwenda Kigoma, hukutana Tabora.

Treni za abiria zilianza kutembea kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na zikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Upande wa magharibi hali ni tofauti. Mkataba wa Isaka–Mwanza ulitiwa sahihi mwezi Januari 2021. Ule wa Makutupora–Tabora mwezi Desemba 2021. Wa Tabora–Isaka mwezi Julai 2022. Na wa Tabora–Kigoma mwezi Desemba 2022. Kwa taarifa zilizotolewa mwaka 2025, kipande cha Isaka–Mwanza kilikuwa kimevuka nusu ya kazi, ilhali vipande vyote vitatu vinavyokutana Tabora vilikuwa havijafika robo.

Hapa ndipo halmashauri za vyama zapaswa kutulia na kufikiri. Asilimia ya kazi siyo asilimia ya huduma. Kipande cha Isaka–Mwanza chaweza kufika mia kwa mia, lakini madhali Makutupora na Tabora, na Tabora na Isaka hazijaunganishwa, mzigo wa pamba hauwezi kutoka Mwanza kwa reli mpya ukafika bandarini bila kushushwa na kupakiwa tena njiani. Ni sawa na mfereji uliochimbwa juu na chini ukaachwa katikati: maji hayafiki shambani, hata kama sehemu kubwa ya jasho imekwisha kutoka. Kwa hiyo kiongozi wa chama anapoulizwa na wanachama, jibu la haki ni hili: kinachopaswa kutazamwa ni Makutupora–Tabora, kwa kuwa hicho ndicho kipande kinachoufungua mlango wa magharibi.

KAZI YA UJENZI PENYE NJIA PANDA

Ujenzi wa reli hufuata hatua zinazojulikana. Kwanza ni upimaji, uchunguzi wa udongo na utwaaji wa ardhi. Pili ni kazi za udongo. Sehemu nyingi za Tabora, Nzega na Igunga zina mbuga zenye udongo mweusi ambao kila mkulima wa mpunga anaujua: hufura unapolowa na kupasuka unapokauka. Tuta lililojengwa juu ya udongo huo hupanda na kushuka kila mwaka, na reli hupinda pamoja nalo. Kwa hiyo udongo mbaya huondolewa au hutiliwa dawa, ukaletwa mwingine na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Mpita njia huona magari yakimwaga udongo mwezi baada ya mwezi na hakuna chuma hata kimoja, akasema kazi imelala. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya umri wa reli huamuliwa katika miezi hiyo.

Tatu ni madaraja, makalvati na vivuko. Nne ni mataruma ya zege, reli zilizounganishwa kwa kuchomelewa, na kokoto. Tano ni nyaya za umeme, ishara na mawasiliano. Mwisho ni majaribio, kwanza kwa mwendo mdogo kisha kwa mwendo kamili.

Penye njia panda kazi hizo huwa ngumu zaidi kwa sababu tatu. Sababu ya kwanza ni kwamba njia hazipiti sambamba tu, bali huachana na kukatana. Kosa la sentimeta chache katika kipimo, ambalo porini lingesahihishwa kwa kokoto, penye ndimi ni hatari. Ya pili ni kwamba mahali pa kuchepukia panataka nafasi. Ili treni ichepuke bila kupunguza mwendo sana, pembe ya kuchepuka hutakiwa iwe ndogo, na kadiri pembe inavyokuwa ndogo ndivyo urefu wa njia panda unavyozidi. Yadi ya reli mpya, inayotarajiwa kupokea treni ndefu kuliko za zamani, haiwezi kubanwa katika uwanja uliopimwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo chama kisidhani kwamba uwanja wa kupakilia wa reli mpya lazima utakuwa palepale pa zamani.

Sababu ya tatu, nayo ni kubwa kwa vyama, ni kwamba reli ya zamani inapaswa kuendelea kufanya kazi wakati mpya inajengwa. Mahali njia mpya inapokatana na ya zamani, hapana budi ijengwe njia ya muda, au mojawapo ipandishwe juu ya daraja, au treni zisimamishwe kwa saa zilizopangwa. Mzigo unaotegemea siku maalumu, kama mbolea ya kupandia, huumizwa na saa hizo kama chama hakikuzifahamu mapema.

GEJI MBILI HAZISHIKANI

Upana wa reli ya zamani, kutoka chuma hadi chuma, ni milimeta 1,000. Upana wa reli mpya ni milimeta 1,435. Tofauti hiyo ya milimeta 435 haizidi urefu wa mkono wa mtu mzima, lakini ni ukuta kamili: hakuna behewa la kawaida la huku liwezalo kupita kule. Tawi la Kaliua–Mpanda bado ni la geji ya zamani. Maana yake ni kwamba siku reli mpya itakapokamilika, mzigo wa Mpanda utakaotaka kusafiri kwa reli mpya utalazimika kuhamishwa njiani.

Jambo hili si geni nchini. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina geji ya milimeta 1,067, nayo hukutana na tawi la Kilosa–Kidatu la Reli ya Kati huko Kidatu. Hapo palijengwa kituo cha kuhamishia mizigo, kwa sababu mabehewa ya reli hizo mbili hayawezi kubadilishana njia.

Hasara ya kuhamisha mzigo hueleweka kwa hesabu. Tuchukue mfano wa chama kilichoagiza magunia 600 ya mbolea, na tuseme kila mara magunia yanapoinuliwa na makuli, gunia 1 kati ya 200 hupasuka. Kuinuliwa mara moja kutapasua magunia 3. Mzigo ukipakiwa bandarini, ukahamishwa njiani, ukashushwa stesheni na kupangwa ghalani, umeinuliwa mara nne, na magunia yaliyopasuka ni 12. Kuhama kule kumoja kwa njiani kumechukua magunia 3 yasiyokuwa na mwenyewe wa kuyajibia, ila kama hati zimeandikwa vema.

Dawa ya kuhama ni kontena. Kontena huinuliwa na winchi likiwa na lakiri yake, na kilichomo ndani hakiguswi. Lakini kontena halijazwi na chama kidogo peke yake. Vyama vinne au vitano vilivyokubaliana siku ya kukusanya, daraja za mazao na namna ya kugawana gharama ndivyo viwezavyo kulijaza. Hapa ushirika unarudi katika maana yake ya asili: kufanya kwa pamoja lile ambalo mmoja haliwezi.

Faida ya reli mpya kwa mzigo mzito haina shaka. Imejengwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli. Behewa la ekseli 4 laweza basi kuwa na uzito wa tani 140 pamoja na uzito wake lenyewe, ilhali lori kubwa barabarani halirukhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla. Mwendo uliopangwa ni kilometa 160 kwa saa kwa treni ya abiria na 120 kwa ya mizigo. Lakini faida hiyo itamfikia mkulima kama tu mzigo wake utafika uwanja wa kupakilia ukiwa umekusanywa, umepimwa na una hati.

ARDHI NA FIDIA

Reli mpya inapopita katika shamba, nyumba au ghala, sheria inampa mwenye mali haki ya fidia. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo yaliyofanywa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri na fidia ya hasara ya faida. Hili la mwisho lasahauliwa na vyama vingi. Kwa mujibu wa kanuni hizo, hasara ya faida hukadiriwa kwa kuchukua faida halisi ya mwezi, inayothibitishwa na hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika, na kuizidisha kwa miezi 36.

Tuseme chama kina ghala lililo katika mkuza wa reli mpya, nalo hukiletea faida halisi ya shilingi 400,000 kwa mwezi. Mara 36 ni shilingi 14,400,000. Chama chenye hesabu zilizokaguliwa chaweza kuzidai fedha hizo kwa kuweka vitabu mezani. Chama ambacho mapato ya ghala yaliandikwa katika karatasi zisizo na namba, au hayakuandikwa, kitasimama mbele ya mthamini kikiwa na maneno matupu. Fedha hizo zitapotea bila mtu yeyote kuziiba. Zitapotea kwa sababu katibu hakuandika na halmashauri haikuuliza.

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe mapema ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, vinginevyo riba huanza kudaiwa. Na uthamini huo huisha nguvu baada ya miaka 2. Kwa hiyo tarehe ni mali. Kila mwanachama aliyethaminiwa na atunze nakala ya fomu yake, na chama kiwe na orodha ya wanachama wake waliothaminiwa, tarehe ya uthamini na tarehe ya malipo.

Jambo la pili katika ardhi ni hifadhi ya reli. Anayejenga ndani yake hajengi juu ya haki yake, na ubomoaji uliofanywa kando ya Reli ya Kati siku za nyuma uliwakuta wengi ambao hawakuuliza. Chama kinachotaka kujenga ghala karibu na reli na kipate kwanza maelezo ya maandishi kutoka kwa Shirika la Reli na ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya. Kigingi cha mpima hakisemi yadi itakuwa wapi.

YAPASAYO KUFANYWA NA VYAMA

Kutokana na maelezo hayo, halmashauri ya kila chama yaweza kuyashughulikia mambo yafuatayo bila kungoja reli mpya ikamilike.

1. Kutoiacha reli ya zamani kwa tamaa ya mpya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Reli ya zamani, iliyokwisha imarishwa, ndiyo inayounganisha Tabora na pwani moja kwa moja bila kuhamisha mzigo, mpaka kipande cha Makutupora–Tabora kitakapokamilika.

2. Kuuliza ratiba za kazi. Katibu na apate kwa mkuu wa stesheni, kabla ya msimu, habari za siku ambazo njia itafungwa kwa ajili ya ujenzi, na azisome katika mkutano wa halmashauri. Mbolea na iagizwe kwa kuzihesabu siku hizo.

3. Kuandika kila makabidhiano. Katika kila mahali mzigo unapobadili mikono pawe na hati yenye tarehe, idadi, uzito, namba ya behewa, namba ya lakiri na sahihi za pande mbili. Upungufu usioandikwa siku ile ya kupokea hauwezi kudaiwa kesho.

4. Kukaguliwa kwa mizani na vitabu. Mizani isiyo na chapa ya wakala wa vipimo ya mwaka husika haina ushahidi. Vitabu visivyokaguliwa, kama ilivyoonyeshwa hapo juu, havina fidia.

5. Kukubaliana na vyama jirani. Mazungumzo ya kukusanya mzigo pamoja na yaanze sasa, na makubaliano yaandikwe, kwa maana kontena la kwanza likifika haliwezi kungoja vyama vibishane juu ya gharama.

6. Kuwaonya wanachama juu ya usalama. Nyaya za reli mpya hubeba umeme wa volti 25,000. Fito ndefu zisiinuliwe karibu nazo, watoto wasipande nguzo zake, na mifugo ipitishwe penye vivuko vilivyojengwa tu, hata kama ni mbali.

Makutano ya Tabora yaliwahi kujengwa mara moja, mwaka 1928, na vyama vya ushirika vikaja kuyatumia baada ya kukuta kila kitu kimekwisha kupangwa na wengine: bei, mizani na mabehewa. Safari hii njia panda inajengwa upya wakati vyama vipo, vina wanachama na vina sauti. Itakuwa aibu kubwa ikiwa siku ya treni ya kwanza ya mizigo kutoka Tabora wafanyabiashara watakuwa na makontena yao tayari, ilhali vyama vinatafuta funguo za ghala. Reli inajengwa na serikali na wakandarasi. Daftari, mizani na makubaliano ya vyama hujengwa na wanachama wenyewe, na kazi hiyo haihitaji kungoja asilimia za mtu mwingine.